Magunia ya Amerika Ndani ya Vyondo Vyetu

Jumanne. Baridi ya Julai imeshika mji wetu wa Wote, na jua halijatokea mpaka sasa, saa nne. Nimejifunga leso mbili na moyo umetulia, ila kuna kitu kimoja kinanisumbua na nimeona nikiandike.

Ndanu, kifungua mimba wangu, amenipigia simu asubuhi kutoka Denmark. Huko anafanya kazi ya kutunza wazee. Jana alimpeleka mama mmoja mzee dukani. Yule mama akachukua mkebe wa maharagwe, akaugeuza, akatafuta miwani kwenye mkoba, akasoma maandishi madogo, akaurudisha. Akachukua mwingine wa bei ya juu kidogo. Ndanu akamuuliza ule wa kwanza una shida gani. Akajibiwa kwamba umetoka Amerika, na siku hizi yeye hanunui vitu vya Amerika kwa sababu ya vile wakubwa wa huko wanavyoongea kuhusu nchi za wengine. Ndanu anasema wako wengi. Wanageuza chupa, wanageuza pakiti, wanasoma.

"Sasa Mami, mkebe umekosa nini?" akaniuliza, akicheka.

Mimi sikucheka. Nilimwambia chai inamwagika jikoni, nikakata simu.

Hakukuwa na chai jikoni.

Kuna jambo nililofanya Ndanu akiwa bado ananyonya, na sijawahi kumwambia. Si jambo kubwa. Hakuna aliyekufa. Lakini miaka imepita na bado likija nageuza uso, hata nikiwa peke yangu.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu ambaye hajaenda chuo, katika shule ya msingi iliyo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mutomo. Mume wangu alikuwa kibarua Mombasa. Kanisani kwetu kulikuwa na mwethya, kikundi cha kina mama cha kusaidiana kazi, na kila Jumatano walikutana kusuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge. Mimi nilikuwa karani wao kwa sababu nilijua Kiingereza. Mwenyekiti alikuwa Susu Kavindu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na tulimwita hivyo sote, hata waliokaribia umri wake. Alikuwa mwembamba, mrefu, na paja lake la kulia lilikuwa limekuwa laini kama ngozi ya ngoma kwa kusokotea nyuzi za mkonge miaka yote hiyo.

Vyondo vyetu vilienda Uholanzi. Aliyetufungulia hiyo njia alikuwa msichana wa huko anayeitwa Hana. Jina lake kamili lilikuwa refu na hakuna aliyeliweza. Alikuwa amekuja kujitolea miaka miwili, akakaa kwenye nyumba ya mabati nyuma ya kanisa, akajifunza Kiswahili cha kutosha kununua kuku na kuuliza habari za nyumbani. Kwao kulikuwa na duka dogo la watu wa kanisa lao, na huko ndiko vyondo vilikouzwa.

Nilimpenda Hana. Naandika hivyo mapema ili nisijifanye.

Alikuwa na miiko yake. Hakuwahi kunywa soda ya chupa tuliyokuwa tukiipenda. Siku ya harusi ya binti wa pasta aliletewa moja, baridi, kutoka Mutomo, akaipitisha kwa jirani yake. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba Amerika inataka kuweka makombora ya nyuklia katika nchi yao, na watu wao walikuwa wameandamana mpaka barabara zikajaa. Yeye na mama yake waliahidiana kwamba mpaka mambo hayo yaishe, hawatanunua wala kuonja kitu cha Amerika.

"Ni kidogo tu," aliniambia. "Lakini ni kitu ninachoweza."

Niliona ni jambo zuri. Niliona pia ni jambo la mtu aliyeshiba. Sikumwambia hilo la pili.

Mvua ya Novemba iliyotangulia ilikuwa imekataa. Ya Machi ikakataa pia. Njaa hiyo watu wetu waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika pesa, kwa maana hata mwenye pesa alienda sokoni akarudi nazo. Mahindi hayakuwepo. Ng'ombe walianguka njiani wakielekea maji. Shuleni watoto walilala kwenye madawati na sikuwaamsha.

Halafu serikali ikaleta mahindi ya manjano. Yalitoka Amerika.

Tusijidanganye, sisi wenyewe tuliyakataa kwanza. Watu walisema ni chakula cha nguruwe, yananuka, yatawafanya wanawake wasizae. Susu Kavindu alinusa konzi moja akasema hata kuku wake watamwuliza maswali. Lakini baada ya wiki mbili kila sufuria kijijini ilikuwa ya manjano. Tulifanya ugali wake, tuliyatwanga kutoa maganda tukapika muthokoi. Watoto wadogo walipewa unga laini wa uji, wa rangi hiyo hiyo. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka, na Ndanu alikuwa amefika mahali pa kutolia tena. Akina mama wanajua mtoto asiyelia ni nini. Huo uji ndio uliomrudisha. Siku ya nne alinivuta sikio, na nililia hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Unga ulikuja katika magunia ya kitambaa cheupe, kizito. Yalikuwa yamechapwa mikono miwili inayosalimiana, mistari myekundu na ya buluu, na maneno ya Kiingereza kwamba ni zawadi ya watu wa Amerika na yasiuzwe. Hilo la kutouzwa halikutusumbua. Kitambaa cha kushonea ndani ya vyondo kilikuwa hakipatikani tena Mutomo, na wazungu walipenda kiondo chenye kitambaa ndani. Kwa hiyo tulifua magunia, tukayakata, tukashona. Maandishi hayakutoka. Ukifungua kiondo uliona mkono, au nusu ya mkono, au neno limekatwa katikati. Hana alikuwa amesafiri Nairobi wiki hiyo, na sisi wenyewe tulifunga mzigo ukaenda. Mwingine tukauanza.

Aliporudi, Susu Kavindu alimwalika nyumbani. Nilienda naye.

Ilikuwa saa saba mchana. Susu alikuwa ametandika mkeka kivulini mwa ghala, ghala ambalo halikuwa na kitu. Alitunawisha mikono kwa maji kidogo sana, akaweka mbele yetu ugali wa manjano na mboga za kunde zilizokaushwa. Ulikuwa ugali wa watu wawili. Watu wa nyumba hiyo walikuwa watano.

Hana aliuangalia. Akajua umetoka wapi, kwa sababu hapakuwa na mwingine popote. Akaweka mkono kifuani akasema kwa Kiswahili, "Asante Susu, nimeshiba."

Hakuna mtu aliyeshiba Mutomo mwaka huo.

Susu alifunika ugali kwa ungo, akauliza habari za Nairobi, wakaongea juu ya rangi za nyuzi. Mimi ndiye niliyekaa pale na uso unawaka. Njiani Hana aliniuliza kama amekosea. Nilimwambia hapana. Nilitaka akosee zaidi, ili niwe na haki ya kukasirika.

Hilo pia ni ungamo, na silo lile nililokaa kuandika.

Wiki sita saba baadaye barua ilikuja kutoka lile duka la Uholanzi. Iliandikwa kwa lugha yao, na Hana alikesha akiitafsiri kwa Kiingereza kwa mkono wake, kurasa mbili, herufi safi. Jumatano alinipa mbele ya kina mama. Alisema Kiswahili chake ni kidogo mno kwa jambo kama hili, na kina mama wengi Kiswahili ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo afadhali mimi nisome na kuwaeleza kwa Kikamba, ili neno lolote lisipotee.

Nilisoma kimya kwanza. Nakumbuka harufu ya mkonge uliolowekwa na kina mama wamenitazama.

Barua ilisema vyondo vimefika na ni vizuri. Ilisema wateja wanavichukua, wanafungua, wanaona maandishi ya Amerika, wanavirudisha kwenye rafu. Ilisema wenye duka wanaomba radhi. Halafu ukurasa mzima ulieleza sababu. Makombora yatawekwa karibu na miji yao, na kukiwa na vita yatakuwa ya kwanza kulengwa. Mwanamke anayeuza pale dukani ana mapacha wa miaka mitatu na hulala akiwaza atawaficha wapi. Watu hawana njia nyingine ya kuongea ila kwa kile wanachonunua. Mwisho waliuliza: je, kina mama wako salama, na njaa hii wanayoisikia redioni imewafika? Kama vitambaa vinaweza kutolewa, watavipokea vyondo vyote.

Kurasa mbili. Mimi nikainua kichwa nikasema kwa Kikamba:

"Wanasema vyondo vina magunia ya chakula cha msaada, na hawavitaki."

Nikakunja barua.

Hana alikuwa ananitazama akitabasamu, akingojea. Hakujua Kikamba. Alidhani lugha yetu ni fupi.

Mama mmoja aliuliza, "Wanaona kinyaa?"

Ningeweza kujibu. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu. Kichwani nilikuwa namwona Ndanu akinivuta sikio. Nilijiambia, hawa wanakataa gunia lililomlisha mtoto wangu. Na ule ugali uliofunikwa kwa ungo ulikuwa bado umenikaa kooni. Nilitaka kina mama wote wahisi ninavyohisi, na wakahisi. Mmoja baada ya mwingine walikusanya nyuzi zao wakaondoka. Wengine hawakumuaga Hana.

Jumatano iliyofuata hakuna aliyekuja. Hana alikaa barazani pa kanisa tangu saa tatu, mafungu ya mkonge yamepangwa pembeni. Nilipita nikitoka shule, saa nane, na bado alikuwapo. Midomo ilikuwa imempasuka kwa upepo.

"Mwalimu, wako wapi?" aliniuliza.

"Wameenda kutafuta maji."

"Wote?"

"Maji yako mbali," nikasema.

Nikaenda zangu. Nilijisikia vibaya kuanzia hapo, lakini kujisikia vibaya si kazi. Mtu anaweza kukaa nako wiki nzima na asinyanyue hata mguu.

Aliyeninyanyua ni Susu Kavindu. Tulikutana mtoni, kwenye mchanga, kina mama walikochimba visima vya kuteka kwa kata. Alikuwa ameinama ndani ya shimo lake na hakuinuka aliponisikia.

"Mumbua, ile barua ilikuwa na karatasi ngapi?"

"Mbili, Susu."

"Imejaa?"

"Imejaa."

Alimimina kata moja kwenye mtungi. Akangoja maji yajikusanye tena.

"Na wewe ukatupa maneno ambayo hayajazi kiganja. Nimekuwa nikifikiri, Kiingereza ni lugha ya namna gani inayotumia wino mwingi hivyo kusema hatutaki."

Nilikaa kwenye ukingo wa shimo lake nikamwambia yote, mapacha, makombora, swali la njaa. Nilimwambia pia kwa nini. Nilitaja ule ugali.

Sasa ndipo alipoinuka.

"Ugali ulikuwa wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekataliwa. Nani alikutuma ukasirike kwa niaba yangu?"

Hakupandisha sauti. Nimewahi kuchapwa na baba kwa mshipi wa ngozi na haikuuma hivyo.

Jumapili baada ya ibada aliwazuia kina mama wasitoke. Hana akaja pia, akakaa nyuma. Susu alisimama akasema Mwalimu ana deni la maneno, na leo atalimaliza. Nilisoma barua yote kwa Kikamba, mstari kwa mstari. Nilisema pia kwamba mara ya kwanza niliwaficha. Nililisema hilo kwa Kikamba tu. Hana alikuwa pale pale, hatua kumi, na hakuelewa.

Nilisoma mpaka kwa yule mwanamke wa mapacha.

Mama aliyekuwa ameuliza juu ya kinyaa alisema, "Kumbe nao wanalala wakihesabu watoto."

Mwingine, Mama Kioko, hakulainika. "Wana hofu ya bomu ambalo halijaanguka. Sisi mvua ndiyo haijaanguka, na wangu wawili nimewazika. Kama hawa Waamerika ni wabaya, mbona ndio walioleta mahindi?"

Mpaka leo sijui angejibiwa nini. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Susu Kavindu aliniambia niandike jibu, na safari hii nimsomee Hana kwa Kiingereza kila neno kabla ya kulifunga. Alilitamka polepole:

"Tutatoa vitambaa. Kiondo ni cha mnunuzi, na mtu hawezi kulazimishwa kubeba asichokipenda. Lakini mjue tulikula kilichokuwa ndani ya magunia hayo, na mikono iliyosuka ilipata nguvu humo. Hatuwezi kumtukana aliyetupa. Na nyinyi hatuwezi kuwaambia msiogope. Msalimieni huyo mama wa mapacha."

Nilimsomea Hana. Aliinamisha kichwa muda mrefu, akatafuta leso mfukoni.

Lile duka lilirudisha mzigo. Ulipofika tulikuwa katikati ya kiangazi, na tulikaa siku tatu barazani tukifumua mishono kwa ncha za wembe. Hana alifumua pamoja nasi na kujikata zaidi ya wote. Siku ya pili, saa saba, sufuria ikaletwa. Ilikuwa muthokoi ya mahindi ya manjano na maharagwe machache yaliyohesabika. Sahani zikapita. Niliona Susu akipakua moja na kusita, halafu akaiweka katikati, mbele ya Hana lakini si mkononi mwake, ili akitaka kuiacha aiache bila aibu.

Hana aliichukua. Alikula kijiko cha kwanza taratibu kama mtu anayekula dawa. Cha pili akala kawaida. Kina mama waliendelea kuongea juu ya mambo mengine kabisa, wakimwachia nafasi yake.

"Susu," akasema baadaye, "naomba chumvi."

Wakacheka, hata Mama Kioko. Chumvi ikaletwa.

Jioni nilimuuliza kuhusu ile ahadi na mama yake. Aliniambia atamwandikia. Alisema soda hataigusa bado. Na kweli, mpaka anaondoka hakuigusa. Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kama angeacha yote kwa mara moja.

Vyondo vilirudi Uholanzi bila vitambaa na vikanunuliwa. Jibu la yule mama wa mapacha lilikuja na picha, na Susu aliibandika ukutani kwa utomvu wa mti. Vitambaa tulivyovifumua tulishonea watoto kaptura. Ndanu alitambaa miezi mingi akiwa na mikono miwili inayosalimiana kwenye makalio. Mwishoni mwa mwaka mvua ilinyesha vizuri. Miaka michache baadaye nilisikia redioni kwamba wakubwa wa pande zote mbili wamekubaliana hayo makombora yaondolewe. Siku hiyo nilikuwa nakoroga uji wa wimbi, nikamwambia mume wangu, akaniuliza makombora gani.

Hana aliondoka mwaka uliofuata. Tulimsindikiza mpaka stendi ya Mutomo, kina mama wote, kwa nyimbo. Akanivuta kando akanishukuru. Alisema bila mimi asingeelewana na kina mama, kwamba nilikuwa daraja lake. Alitumia neno hilo hilo, daraja. Bado alikuwa anawaza ni nini alichofanya mpaka wakamwacha peke yake Jumatano ile. Alisema huenda ni ule ugali.

"Sijui," nikamjibu. "Labda."

Nilikuwa na nafasi. Gari lilikuwa halijajaa, dereva alikuwa bado anakunywa chai. Nikamwachia aende na hatia ambayo nusu yake ilikuwa yangu.

Tuliandikiana miaka mitatu, minne, halafu barua zikakatika kama zinavyokatika. Susu Kavindu alifariki miaka ya tisini akiwa hajaniuliza hata mara moja kama nilimwambia Hana ukweli. Nafikiri alijua.

Leo mchana nimempigia Ndanu. Nimemwambia hakukuwa na chai, nikamsimulia yote haya, mpaka stendi. Akasema Uholanzi si mbali na alipo, na jina refu siku hizi ni rahisi kulitafuta mtandaoni kuliko fupi. Ameniomba nimwandikie herufi zake zote.

Nimeziandika. Zimenichukua muda, nimelazimika kuzitamka kwanza.

Na kwa kuwa sijui kama atapatikana, wala kama bado anakumbuka Kiswahili, naiacha hapa pia. Hana, kina mama walikuacha peke yako kwa sababu yangu. Barua uliyoitafsiri niliwasomea mstari mmoja tu, nao niliuharibu. Kwenye ule ugali ulikosea, ndiyo, lakini mwenye ugali alikuwa amekusamehe siku ile ile.